Sauti ya Somoe kwenye Kadi ya Pili

Tulimzika Fadhili Masasi, Jumamosi asubuhi, na mpaka leo sijui kama nilikwenda kumlilia au kuhakikisha kwamba amenyamaza. Ni neno baya kulisema juu ya marehemu, tena marehemu aliyenifundisha kazi iliyonilisha miaka mingi, lakini nimefika umri ambao kujikosha kunanichosha. Fadhili alikuwa mtu pekee aliyejua nilichokifanya Newala mwaka ule wa kaseti. Hakuwahi kumwambia mtu, wala hakuwahi kunitania nacho, ingawa alikuwa mtu wa utani hata na mapadri. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yao, nachambua mchele na akina mama wenzangu, nikainua macho nikamwona Somoe anaingia kwa mlango wa uani, amejitanda kanga, viatu ameshika mkononi. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule. Alikuwa amenenepa kidogo, alikuwa na miwani, lakini nilimjua kwa mwendo. Naye alinijua. Alisalimia mkeka mzima, mmoja mmoja, kisha akaja kukaa ubavuni mwangu, akavuta ungo wangu upande wake akaanza kuchambua. Nikamwachia. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke yule kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hakuwa amenifanyia kosa hata moja ila kuzaliwa na sauti nzuri.

Ulikuwa mwaka ambao kila mtu aliruhusiwa kununua na kuuza. Neno soko huria lilikuwa midomoni hata mwa watu wasiokuwa na cha kuuza. Wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao kutoka Mtwara, kila wiki kampuni mpya, kila kampuni na kofia zake za bure, na salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo zamani ililetwa na serikali, sasa mkulima aliambiwa ajinunulie mwenyewe. Wakulima wengi waliona heri wanunue bati. Ndipo mradi mmoja wa kilimo uliokuwa Newala ukapata wazo la kutengeneza mchezo wa kusikiliza, uwekwe kwenye kaseti, upigwe kwa spika ya gari minadani na kwenye maghala, ili watu wacheke huku wakifundishwa kwamba maua ya mkorosho yakipata ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaozuiwa na salfa, yanakauka. Aliyesimamia kazi hiyo tulimwita Bwana Shamba. Fundi wa kunasa sauti alikuwa Fadhili, aliyerudi Masasi kutoka Dar es Salaam na kompyuta yake, ameifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Na sauti ya kike, bila mjadala, ilikuwa niwe mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilisoma waraka kanisani tangu darasa la sita, nilitangaza kwenye mahafali yote ya shule za Newala mjini, na kila mtu aliniambia, Hilda, wewe utasikika redioni. Nililisikia hilo mara nyingi mpaka nikawa naliona kama deni ambalo dunia itanilipa.

Tulipewa nyumba ya zamani ya wageni wa misheni, vyumba viwili vyenye dirisha dogo katikati yake. Fadhili alitoa vitanda, akasimamisha magodoro ya sufi ukutani, akatundika blanketi za jeshi mlangoni ili sauti isirukeruke. Kulikuwa na baridi, ule ukungu wa Newala unaoingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi, na bado tulitoka jasho mle ndani kama tumo kwenye tanuri. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya kulia, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kwa sababu mke wa mchungaji aliona si heshima kitu cha thamani kile kikae uchi. Jenereta ilipelekwa mbali kule nyuma ya jiko, waya ukavutwa juu ya mipapai. Fadhili alikuwa akijivunia jambo moja kuliko yote: kompyuta yake iliweza kunasa maiki nne kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake. “Redio kaseti yenu inachanganya sauti kama mboga kwenye chungu,” alituambia. “Mimi kila mtu namwekea sahani yake. Nikitaka nampunguza, nikitaka namfuta.” Ndani ya kompyuta alikuwa amechomeka kadi mbili za sauti, kila kadi na maiki mbili. Kadi ya kwanza ilikuwa yangu na ya Mzee Chilumba, fundi seremala mcheshi aliyeigiza mume. Kadi ya pili ilikuwa ya sauti za vitu, mlango, jembe, kuku, na maiki ya nne ilikuwa bado haina mtu.

Mtu wake alikuja na ndoo ya maji kichwani. Nyumba ile haikuwa na maji, kama nyumba nyingi za kule juu kwenye uwanda wetu, na Somoe alikuwa binti wa Chilangala aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake Newala na kutuletea ndoo mbili kila asubuhi. Siku hiyo Mzee Chilumba alimtania kwamba amechelewa kwa sababu ya mchumba. Somoe akamjibu papo hapo, bila kutua ndoo, kwamba yeye angekuwa na mchumba wa kumchelewesha, Mzee angekuwa anakunywa maji ya mvua. Kisha akacheka. Siwezi kuuandika ule mcheko. Ulianzia chini, ukapanda, ukakatika ghafla kana kwamba mwenyewe ameuzuia kwa mkono. Bwana Shamba alitoka chumbani, kalamu sikioni, akamwambia atue ndoo aje aseme mstari mmoja. Akasema. Hakujua kusoma haraka, Fadhili alimsomea naye akarudia, na ule mstari wa mke wa mkulima ambao mimi niliusoma siku tatu ukiwa maneno ya karatasi, kwake ulitoka ukiwa mke wa mtu. Wote walicheka. Mimi nilicheka pia. Jioni ile nilipewa usimulizi, na jirani, na mtoto wa kaka anayekuja mwisho wa mchezo kumsalimia shangazi yake. Mke akawa Somoe.

Nilimwonea wivu. Sitauita kwa jina jingine. Nilimwonea wivu kwa sauti, kwa kutojali kwake kwamba anayo, kwa namna alivyoimeza mistari kwa kuisikia mara mbili tu wakati mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na karatasi iliyopigiwa mistari ya wino mwekundu. Tulikula pamoja saa saba, ugali wa muhogo na mbaazi, siku nyingine ming'oko, viazi vya mwituni vya kuchemsha tunavyomenya kwa vidole, na kwenye sinia nilikuwa nikihesabu nani anamtazama. Wote walimtazama. Siku moja nilikwenda jikoni kuchukua chumvi, nikasikia Bwana Shamba nje ya dirisha akimwambia Fadhili: “Hilda ana sauti ya kanisani. Huyu ana sauti ya nyumbani. Watu wa mradi wanataka kaseti kumi na mbili, na wanataka mwanamke mmoja wa kuajiri. Nadhani nimeshampata, lakini kwanza tukaipige kaseti kijijini Kitangari, tusikie watasemaje.” Nilisimama pale na chumvi mkononi. Kazi ile ilikuwa ya mshahara, na ilikuwa ya sauti, na hapakuwa na nyingine kama hiyo uwandani kote, labda mpaka Dar es Salaam. Nilirudi kwenye sinia nikala kama kawaida, na Somoe akanisogezea finyango la samaki lililokuwa upande wake.

Kesho yake nilimwomba Fadhili nisikilize sahani ya Somoe peke yake. Nilimwambia nataka kujifunza. Alinipa hedifoni, akazima sauti zetu wengine wote, akaniacha naye. Ni jambo la ajabu kumsikia mtu hivyo. Nilisikia akivuta pumzi, akilamba midomo, kanga yake ikisugua maiki. Nilikuwa natafuta kosa. Katikati ya mazoezi, palipokuwa na kimya cha kumngoja Bwana Shamba arekebishe mstari, nilimsikia akimnong'oneza Mzee Chilumba aliyekuwa amemsogelea: “Mzee, mi ningekuwa na sauti ya dada Hilda ningekuwa mbali. Yule hata akisoma jina la dawa unaona raha.” Na Mzee akajibu, “Yule ntoto kasoma.” Mtu mwenye roho safi angevua hedifoni akaenda kumkumbatia. Mimi nilikasirika zaidi. Sifa yake ilininyima hata haki ya kumchukia, nami haki hiyo nilikuwa naihitaji.

Tulinasa mchezo mzima siku ya Alhamisi, mara moja, bila kusimama, kwa sababu mafuta ya jenereta yalikuwa yanahesabika. Mimi na Mzee tulikaa chumba kimoja, Somoe chumba cha pili na kuku wake na mlango wa kubamiza, tukisikilizana kwa lile dirisha dogo. Ilichukua karibu nusu saa. Tulipomaliza tulipiga makofi, na Somoe alimbusu kuku. Mchana Fadhili alifuta minong'ono na miguno, akaunganisha sahani zote nne, akatoa kaseti, akampa Bwana Shamba aliyekuwa na haraka ya kwenda kuangalia gari. Baada ya hapo ndipo alipokaa kusikiliza kwa utulivu, na mimi nikiwa nimekaa karibu naye, nakunja blanketi. Mwanzo wa mchezo kila kitu kilikaa sawa. Kufikia katikati, Somoe alikuwa akimjibu mumewe neno la mwisho likiwa bado mdomoni mwake. Kufikia mwisho, mlango ulifunguliwa kwanza, kisha ndipo mtu akabisha hodi. Nami kwa sauti ya kitoto ya mtoto wa kaka nikasema shikamoo, shangazi, lakini marahaba ya Somoe ilikuwa imeshatangulia. Fadhili alirudisha, akasikiliza tena, akashika kichwa.

Alinieleza akichora kwa kidole juu ya meza. Kila kadi ina saa yake ndani, alisema, na saa mbili hata ukizianzisha pamoja hazitembei pamoja. Kwa wimbo mfupi huwezi kujua. Kwa nusu saa, kadi ya pili imekimbia mbele kwa muda wa kutamka salamu nzima. Angekata sahani ya Somoe vipande vipande na kurudisha kila kipande mahali pake, kazi ya siku moja. Lakini kabla hajashika kompyuta alikuja kijana wa basi na ujumbe kwamba mama yake Fadhili amezidiwa Masasi. Simu za mkononi zilikuwa hazijapanda huku kwetu. Kulikuwa na lori linaondoka saa hiyo hiyo. Fadhili alitia shati mfukoni mwa begi, akanishika bega mlangoni. “Dada Hilda, mwambie Bwana Shamba asiipige ile kaseti Kitangari. Kosa ni la kadi, si la Somoe. Mwambie hivyo hivyo.” Nikamwambia, nenda salama, nitamwambia. Nilimaanisha. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Nilitembea mpaka ofisini, nikamkuta Bwana Shamba anafunga spika juu ya gari, akaniuliza kuna nini, nikasema nimekuja kuuliza kesho tunaondoka saa ngapi.

Kitangari walikusanyika mbele ya ghala la ushirika, wanaume kwenye magunia, wanawake chini na watoto wao, wengine wametua madumu ya maji na kusimama tu. Kaseti ilianza, wakacheka pale tulipotaka wacheke. Mcheko wa Somoe ulipotoka kwenye spika, kina mama waliruka kwa furaha, wakaupokea kwa mcheko wao. Nilikuwa nimekaa kwenye gari, jasho linanitoka mgongoni. Kisha nikaona nyuso zinaanza kubadilika taratibu. Bibi mmoja aligeuka akamwuliza mwenzake, “Mbona anamkata mumewe maneno?” Mzee mmoja akaguna. Mume kwenye kaseti alikuwa anaeleza habari ya salfa, na mkewe anamrukia, kila sentensi, kila mara mapema zaidi. Mlango ulipofunguka kabla ya hodi watu walicheka wakidhani ni kichekesho. Lakini marahaba ilipotangulia shikamoo, waligeukiana. Kisha mtu akasema kwa sauti, “Huyu binti wa nani? Anadai salamu kwa nguvu!” Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Somoe alikuwa amekaa chini karibu na tairi la mbele, kanga mdomoni. Alisimama. “Mimi sikujibu hivyo,” alisema. “Nilimngoja. Dada Hilda, si nilikungoja?”

Alinitazama mimi. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, na Fadhili alishanipangia hata maneno yake. Nikasema, “Sikumbuki vizuri, Somoe. Mle ndani kulikuwa na joto.” Bwana Shamba akamwambia, si kwa ukali, kwamba kaseti haina sababu ya kumsingizia. Watu wote pale waliafiki. Mtu anaweza kusahau, anaweza kusema uongo, lakini mashine ilikuwa imenasa. Na kibaya zaidi, niliona Somoe mwenyewe anaafiki. Aliinamisha kichwa, akafikiri, uso ukamlegea, akakaa chini tena.  Jumatatu yake ndoo za maji zililetwa na mtu mwingine. Nilisikia watoto wa Newala walikuwa wanampita wakipiga kelele za marahaba kabla hajawaangalia, na kwamba shangazi yake amemrudisha Chilangala.

Kazi nikaipata mimi. Fadhili alirudi baada ya kumzika mama yake, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nilimwambia Bwana Shamba. Nikasema nilisahau. Akaenda mwenyewe kumweleza, akarudi akasema Bwana Shamba ameshaandika barua ya ajira na hataki kusikia habari za kadi na saa zake. Tangu siku hiyo kila tuliponasa, mwanzo na mwisho, aligonga vipande viwili vya mbao mbele ya maiki zote ili apate alama ya kulinganisha sahani. Alinifundisha kulinganisha. Alinifundisha kila kitu, kwa ukarimu, lakini hakunituma tena ujumbe kwa mtu yeyote, hata wa kuomba chai. Kaseti zote kumi na mbili zina sauti yangu. Zilipigwa mpaka Tandahimba, na mara ya kwanza tulipofika huko mwanamke mmoja aliyeisikia ile ya Somoe kule Kitangari alikuja mpaka kwenye gari, akaniangalia, akauliza yule anayecheka yuko wapi. Niliona wivu upya, juu ya mtu niliyekwisha kumfukuza.

Kwenye mkeka, siku ya mazishi, tulimaliza mchele, tukala, tukaosha vyombo. Somoe sasa ni Mama Zuhura, na Zuhura mwenyewe alikuwepo, mwalimu, mwanamke mpole wa kupendeza. Alikuja akamwuliza mama yake kama waondoke na gari la saa nane au la saa tisa. Somoe hakujibu. Alimtazama mdomoni mpaka nikadhani hakusikia, kisha akasema, taratibu, la saa tisa. Nilimwuliza juu ya mume wake. Ikawa vile vile, kimya kwanza, kisha jibu. Zuhura aliniona nashangaa, akatabasamu. “Mama ndivyo alivyo, shangazi. Ukimwuliza neno lazima usubiri. Hata sisi katulea hivyo, mtu amalize, utulie, ndipo useme.” Akaondoka kwenda kutafuta mizigo. Somoe akakunja kanga yake magotini. “Nilijifunza kwenu kule,” aliniambia. “Nilikuwa na pupa, sikuijua mpaka nilipojisikia mwenyewe. Ile kaseti ilinisaidia, dada Hilda.”

Hakukuwa na lawama ndani yake hata chembe. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kwa lawama. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kadi mbili na saa zake, nikamwambia Fadhili alisema nini mlangoni na mimi nilimwambia nini Bwana Shamba. Nilisema yote kwa sauti ya chini, nikitazama ungo. Nilipomaliza sikuthubutu kuinua macho. Nilisikia mtu anaburuta viti, mtoto analia, masufuria yanagongana jikoni.

“Kwa hiyo nilikungoja,” alisema hatimaye.

“Uliningoja.”

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Zuhura alikuwa anarudi na mabegi, anapita katikati ya mikeka, akiwapa shikamoo wazee mmoja mmoja na kumsubiri kila mmoja aitikie. Wanawake walimsifu alipopita. Somoe alimtazama binti yake mpaka akakaribia.

“Nisindikize stendi,” aliniambia. “Lakini njiani usiniombe radhi. Huyu mtoto anajua kungoja ni adabu yangu, na abaki akijua hivyo.”